Somo: Jinsi ya kumfikishia mbunge wako hoja ya ustawi wa wanyama mpaka isemwe bungeni

Wakuu, salaam. Tukiona lori la ng'ombe limekwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto juani, ng'ombe mmoja kalala chini wenzake wanamkanyaga, tunapiga picha, tunalaani, tunaendelea na safari. Inaniuma, maana picha peke yake haimpi mbunge cha kusema Dodoma. Tumpe hoja.

Hatua ya 1: Soma sheria iliyopo
Usimwambie mbunge "tunataka sheria ya kulinda wanyama". Atakujibu ipo, na atakuwa sahihi. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Msingi wake ni kwamba mnyama asiteswe na njaa na kiu, asikae pabaya, asiachwe na maumivu na maradhi, asiishi kwa hofu, na aweze kufanya yaliyo ya asili yake. Fungua vifungu vya adhabu, andika viwango vya faini, kisha ulizia bei ya ng'ombe mmoja mnadani Pugu. Linganisha. Faini iliyoandikwa kwa shilingi hupungua makali kila bei zinapopanda, na hapo ndipo penye hoja ya kuiongezea sheria nguvu.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi
Hapa msiharakishe. Nenda Pugu malori yanaposhusha. Ng'ombe wa Shinyanga amesafiri karibu kilomita 1,000. Tazama mifupa ya nyonga: ngozi imechubuka kwa kusuguana na bodi la gari. Tazama aliyeshindwa kusimama anavyoinuliwa, kwa kusokotwa mkia au kuchomwa fimbo. Je, kuna mahali pa kushukia, au wanarushwa chini? Kuna maji? Andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako. Majina ya madereva na vibarua yaacheni. Wale wanaharakishwa kazi, na tunachotaka kibadilike ni utaratibu mzima. Wa Shekilango mna ushahidi wenu: kuku waliofungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye bodaboda.

Hatua ya 3: Chagua ombi moja
Kumbukeni suala la punda. Walikuwa wakichinjwa kwa ajili ya ngozi, ichemshwe itoe gundi ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Desemba 2022 mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo. Ombi lilieleweka kwa kila aliyelisikia. Ukipeleka orodha ya mambo kumi, katibu wa mbunge ataiweka chini ya faili.

Hatua ya 4: Barua
Ukurasa mmoja. Taja kata yako, ulichokiona, sheria inasemaje, na unaomba nini. Mwandalie swali kabisa, kwa lugha ya bungeni: "Je, ni lini Serikali itapitia upya viwango vya adhabu katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ili viendane na wakati?" Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri swali lolote lililo ndani ya wajibu wake. Muswada binafsi, yaani mbunge mwenyewe kupeleka pendekezo la sheria, nao upo, ila ni mzigo mzito. Tuanze na swali. Peleka ofisi ya jimbo mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya Bunge la Bajeti kuanza Aprili. Nakala yako igongwe muhuri.

Hatua ya 5: Fuatilia
Jibu la Waziri huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Likichapishwa, rudi nalo kwa mbunge.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, huku Tandika mbwa wanaozurura wanawekewa sumu. Nikilalamika naambiwa nataka watoto wafe kwa kichaa cha mbwa.
Usibishane kuhusu kichaa; dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Bishana kuhusu namna ya kuuzuia. Ugonjwa unazuiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na sumu inaua hata waliokwisha kuchanjwa. Omba bajeti ya chanjo.

Mimi niko Unguja, nimwandikie mbunge?
Hapana dada. Mifugo si jambo la Muungano. Mwandikie mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi.

Mbunge wetu hapatikani kabisa.
Anza na diwani. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na ofisa mifugo wa kata unaweza kumwona hata kesho.

Kaka, waumini hawatasema tunapinga uchinjaji wa Kiislamu?
Waeleze mapema kwamba tunazungumzia usafirishaji na namna mnyama anavyoshikwa. Uislamu wenyewe unamtaka mchinjaji anoe kisu na asimtese mnyama. Mwombeni imamu wa msikiti wa karibu na machinjio ya Vingunguti asome barua kabla haijapelekwa. Akiridhika, asaini pamoja nanyi.