Kuonyesha Threads kwa kundi: namna ya kuwapokea watazamaji filamu ikiisha

BBC2, idhaa ya televisheni ya Uingereza, ilirusha Threads, filamu ya Uingereza kupigwa mabomu ya nyuklia, tarehe 23 Septemba 1984, na hadi leo ukiionyesha mbele ya watu 20 utayaona yale yale: mmoja atacheka pasipo na la kuchekesha, wawili watatoka nje kama wanaopokea simu wasirudi, na waliobaki watakaa kimya mpaka taa ziwashwe. Kufunga projekta na spika ni kazi ndogo. Ugumu uko kwenye ile saa moja baada ya picha ya mwisho, na ndiyo inayohitaji maandalizi zaidi.

Filamu ina dakika 112 hivi. Aliyeiandika ni Barry Hines, mwongozaji ni Mick Jackson, na mji ni Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. Ruth amepata mimba, yeye na Jimmy wanataka kuoana, wanakarabati nyumba, huku redio na televisheni zikitaja mgogoro wa Iran ambao hakuna anayeusikiliza vizuri. Robo tatu ya saa hupita bila bomu hata moja kuipiga Uingereza. Waliozoea sinema za mapigano wataanza kuchungulia simu zao hapo. Waache. Kuchoshwa huko kuna kazi yake: watakaposhtuka watagundua kwamba nao walikuwa hawasikilizi redio.

Kabla ya siku yenyewe

Mwaliko ukisema tu "filamu inatisha", utawavuta wapenzi wa filamu za mashetani na kuwakosesha taarifa wanaoihitaji. Taja mambo kwa majina: maiti zilizoungua, njaa, majeruhi wanaokatwa viungo bila ganzi, tukio linaloashiria ubakaji, na uzazi unaoishia vibaya. Hili la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana ndilo linalofunga filamu, na aliyepoteza mimba hastahili kukutana nalo kwa kushtukizwa. Vivyo hivyo kwa aliyekimbia vita Burundi au Kivu: foleni ya chakula inayolindwa kwa bunduki haitakuwa sinema kwake. Uingereza filamu hii ina alama ya miaka 15. Usishuke chini ya hapo hata kama mzazi anasisitiza. Na kama onyesho ni la hadhara, ruhusa ya mwenye haki itafutwe mapema.

Anza saa 9 alasiri. Filamu itaisha saa 11 kasoro, mazungumzo yataisha saa 12 kasoro robo, na watu watafika nyumbani kabla giza halijakolea. Onyesho la saa 2 usiku huwaacha watu walale nalo.

Kiti cha mwisho kisiwe mbali kuliko mara 6 ya kimo cha picha. Picha ya mita 1.2 kwenda juu, basi mwisho mita 7. Sababu ni kwamba habari nyingi nzito huja kama maandishi yanayochapwa juu ya picha, kwa Kiingereza, na asiyeyasoma ataona vurugu tu. Lafudhi ya Sheffield nayo ni ngumu hata kwa wanaojua Kiingereza, kwa hiyo weka tafsiri ya maandishi chini. Usimweke mtu wa kutafsiri kwa mdomo. Watazamaji wa vibanda umiza wamezoea dijei anayenogesha, na hapa kunogesha kunaua filamu.

Sauti ipimwe mara mbili: kwenye mazungumzo ya kawaida ya mwanzoni, kisha kwenye shambulio. Ukipima mara moja tu, bomu likilipuka mtu atakimbilia kupunguza, na macho ya ukumbi mzima yatamfuata yeye. Chakula kisigawiwe kabla. Chai baada ya filamu inatosha. Baada ya kumwona mtu anakula nyama mbichi ya kondoo aliyekufa, sambusa zako zitabaki.

Umeme ukikatika, heshima ya filamu iko mashakani, maana humo ndani nako bomu la kwanza la shambulio hulipuka juu kabisa ya Bahari ya Kaskazini na kuvuruga umeme, kwa hiyo watu watacheka. Ukirudi ndani ya dakika 10, rudisha nyuma kidogo uendelee. Ukichelewa zaidi na bomu limeshaanguka, ahirisha siku nyingine, maana nusu ya pili haina maana kwa kipande.

Dakika za kwanza baada ya mwisho

Acha majina yapite yote. Washa taa za nyuma kwanza, za mbele baadaye. Kaa dakika mbili bila neno. Utaziona ndefu, vumilia. Mwandaaji anayeruka na "haya jamani, mmeionaje?" atajibiwa "inasikitisha", kisha atahangaika na kimya hadi magharibi.

Uliza hivi: "Taja kitu kimoja ulichokiona." Kitu, si maoni. Zunguka kwa zamu, kila mtu nusu dakika, hakuna kumjibu mwenzake, na asiyetaka aseme "napita". Watataja chupa za maziwa zinazoyeyuka, mkaguzi wa maegesho ya magari aliyefungwa bandeji usoni na bunduki mkononi, mwanamke aliyejikojolea barabarani alipoona wingu. Swali hili lina faida mbili: aliyekaza koo anapata pa kuanzia pasipo kujieleza, na msemaji wa siku zote anabanwa na zamu. Baada ya mzunguko huo ndipo ufungue mjadala.

Kicheko usikikemee. Wanaocheka mara nyingi ndio waliobanwa zaidi. Mpe zamu ya mapema ataje alichokiona, atatulia mwenyewe.

Swali litakaloulizwa bila shaka ni "Jimmy alikwenda wapi?" Mara ya mwisho tunamwona akikimbia kumtafuta Ruth wakati shambulio linaanza, na filamu haisemi tena habari zake. Usijaribu kujibu. Rudisha swali: kwa nini inawauma kutojua? Mara nyingi hapa ndipo mazungumzo yanapochangamka.

Majibu mawili yanayovuruga kikao

La kwanza ni "haya ni yao wazungu, ya Ngoswe mwachie Ngoswe". Usimshambulie anayelisema; wengi wanalo moyoni. Kuna njia tatu za kulipokea, chagua moja, ukizimwaga zote utakuwa unahubiri. Kwa kundi lenye watu wa Lubumbashi au Katanga, taja Shinkolobwe: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima ilitoka mgodi huo. Kwa wanafunzi wa siasa, taja Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulioanza kutumika 2009. Kwa wengine wote, chakula: utafiti uliochapishwa 2022 kwenye jarida la Nature Food ulikadiria kuwa vita vya Marekani na Urusi vingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 5, kwa sababu masizi ya miji inayoungua yanazuia jua na mavuno yanaanguka dunia nzima. Anayenunua ngano ya nje hahitaji kupigwa bomu ili aguswe.

La pili ni la mbishi wa takwimu. Atasema filamu imepitwa na wakati, au mionzi hukaa miaka elfu, au majira ya baridi ya nyuklia, yaani baridi inayoletwa na masizi kuziba jua, ni uzushi. Kuwa na karatasi moja mfukoni. Vichwa vya nyuklia duniani vilikuwa kama 70,000 mwaka 1986. Sasa ni kama 12,000, bado vinatosha kwa yaliyo kwenye filamu. Vumbi la mionzi hupoa kwa kanuni ya saba na kumi: muda ukiongezeka mara 7, ukali hushuka mara 10, kwa hiyo baada ya saa 49 ukali ni mmoja kwa 100 ya ule wa saa ya kwanza, na baada ya wiki mbili mmoja kwa 1,000. Ndiyo maana siku za mwanzo ndani ya maficho yenye kuta nene zina thamani, ingawa baadhi ya mabaki hudumu miongo. Kuhusu baridi, filamu ilitumia sayansi iliyokuwa mpya kabisa, iliyochapishwa Desemba 1983. Wanasayansi wamebishana kiasi cha baridi tangu hapo. Sema hayo kwa dakika tatu, kisha umuulize mbishi alitaja kitu gani kwenye mzunguko.

Atakayesema "bora kufa bomu la kwanza" asiambiwe akate tamaa au asikate. Muulize ni tukio lipi limemfanya aseme hivyo. Kama anajisemea yeye na maisha yake ya sasa, si filamu, hilo si la kikao: kaa naye pembeni, usimwache aondoke peke yake.

Funga kwa saa uliyotangaza, hata mjadala ukiwa moto. Kesho yake wapigie waliotoka nje mapema. Usiulize kwa nini walitoka, waulize tu wamelalaje. Na wakitokea wanaotaka The War Game, filamu nyingine ya vita vya nyuklia, ile ya 1965 ambayo BBC iliizuia isirushwe kwenye televisheni hadi 1985, wape baada ya wiki tatu au nne. Ina dakika zisizofika 50, na kwa ufupi wake watu huidharau mpaka ianze.