Somo: Kukagua muda wa skrini baada ya kusasisha mfumo endeshi (Psychtoolbox)

Ukisasisha mfumo, jaribio lako la Psychtoolbox (zana za kuonyesha picha kwa muda sahihi kwenye majaribio ya saikolojia) hufunguka kama kawaida na picha zinaonekana. Kinachoharibika kimyakimya ni muda. Mhusika mkuu ni kompozita, sehemu ya mfumo inayounganisha madirisha yote kabla ya kuyapeleka kwenye skrini. Ikiingia kati, picha huchelewa fremu (mchoro mmoja kamili wa skrini) moja au zaidi huku programu ikiandika saa isiyo ya kweli. Kwenye Windows 7 iliweza kuzimwa. Tangu Windows 8 haizimiki.

1. Kabla ya kusasisha, nakili diski nzima. Andika toleo la draiva ya kadi ya picha na matokeo ya hatua ya 3 hadi 5.

2. Baada ya kusasisha Ubuntu, bofya alama ya gia kwenye ukurasa wa kuingia, uchague Xorg badala ya Wayland (mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye Linux). Hakikisha skrini haijarudishwa 60 Hz na kasi yake haibadiliki yenyewe.

3. Weka `Screen('Preference','SkipSyncTests',0)` ili Psychtoolbox isiruke ukaguzi wake wa muda wa skrini, kisha endesha `VBLSyncTest`, jaribio lake la kupima muda huo.

4. Zungusha fremu 600 (`w` ni dirisha, `ifi` ni muda wa fremu moja, `vbl` ni saa ambayo Flip, yaani kubadilisha picha, ilifanyika):

`vbl = Screen('Flip', w, vbl + 0.5*ifi);`

Hifadhi kila `vbl`, kisha toa tofauti zake. Kwa 60 Hz zote zikaribie milisekunde 16.67. Ukikuta 33.3, fremu moja imepotea. Hiyo 0.5 usiibadilishe kuwa 1: ukiomba fremu nzima, kuchelewa kidogo tu kunakutupa kwenye fremu inayofuata.

5. Bandika fotodayodi (kihisi cha mwanga) kwenye skrini, chora mraba unaopishana mweusi na mweupe, tuma alama ya umeme kila baada ya Flip, na tazama zote mbili kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme). Hatua hii ndiyo yenye uzito, maana zilizotangulia zinapima kile programu inachoamini tu. Pengo lisilobadilika utalitoa kwenye hesabu. Pengo linalorukaruka kwa fremu nzima halirekebishiki kwa hesabu.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nikiweka SkipSyncTests 1 onyo linapotea. Si imetosha?*
Hapana. Umenyamazisha kengele tu, tatizo liko palepale. Inafaa unapoandika kodi kwenye kompyuta ya mkononi, si wakati wa kukusanya data.

*Fotodayodi ikiwa chini ya skrini naona kuchelewa karibu ms 15, juu hakuna. Kadi mbovu?*
Kadi ni nzima. Skrini huchorwa mstari kwa mstari kutoka juu, na kwa 60 Hz safari hiyo humaliza karibu fremu yote. Pimia pale kichocheo chako (picha unayomwonyesha mshiriki) kinapotokea.

*Nipande Ubuntu 25.10?*
Usipande. GNOME yake (mazingira ya eneo-kazi) haina tena kikao cha Xorg. Baki 24.04.

*Na Mac zenye chipu za Apple?*
Kwa kazi ya muda sahihi, tafuta mashine ya Linux yenye kadi ya AMD. Mac iachie kuandikia kodi.