Kikombe kikidondoka usimgombeze: tiba kazi kwa mtu mwenye Huntington

Miezi mingi nilikuwa namwambia kaka yangu "shika vizuri bwana" kila akidondosha kikombe, na yeye anaitikia haya, afu dakika mbili tu paa, chai yote iko chini. Nilidhani mikono imeisha nguvu. Kumbe nguvu anazo, ila mkono wake unakaza na kulegea wenyewe bila kuagizwa, madaktari wanauita mshiko wa mkamua maziwa, maana ukimpa vidole viwili avikamate unasikia kabisa anakaza, analegeza, anakaza, kama mtu yuko kwenye chuchu ya ng'ombe. Mtu wa hivo hata umbanishe mpira mwaka mzima kikombe kitadondoka tu. Cha kubadilisha ni kikombe. Hiyo kwa ufupi ndo tiba kazi, wengine wanaita tiba kwa vitendo au OT, na usidhani ni kutafutiwa ajira, "kazi" hapo ni kuoga, kuvaa, kula, kupika, kwenda ofisini, kucheza na watoto, yaani chochote kinachojaza siku ya mtu.

Kwa ambaye ndo anausikia leo: Huntington ni ugonjwa adimu wa kurithi unaokula taratibu sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, mipango na hisia. Mzazi akiwa na jeni ya ugonjwa huu kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike awe wa kiume. Jeni yenyewe iligunduliwa 1993, iko kromosomu namba 4, na dawa ya kuuponya hamna mpaka sasa, zipo za kupunguza mwili kuchezacheza wenyewe na za kutuliza hasira na huzuni. Wengi unawaanza kati ya miaka 30 na 50, pale pale mtu ana watoto wadogo na majukumu kibao. Sisi alianza mama, sasa ni kaka.

Kosa letu kwa mama lilikuwa kusubiri. Tulisema vifaa vya nini na bado anatembea. Sasa huu ugonjwa unaharibu hasa ile sehemu ya ubongo inayofanya jambo jipya ligeuke mazoea, kwa hiyo ukimletea mtu kiti cha kuogea wakati ameshaanguka mara nne unamfundisha kitu kipya wakati kichwa chake kimeshakuwa kigumu kushika vipya, atakikataa na mtagombana bafuni. Kilete mapema, akione cha kawaida, aanze kukaa wakati bado hakihitaji sana. Kwa hiyo mtafute mtaalamu wa tiba kazi mara tu dalili zinapoanza, hata kama dalili yenyewe ni kusahau kulipa bili na kuchanganyikiwa kazini, maana kwa wengi kichwa kinatangulia kabla mwili haujaanza kucheza.

Kabla hujamuona mtaalamu, fanya hivi. Chagua siku mbili za kawaida, andika kila kilichomshinda, saa ngapi, na kilimshindaje. Usiandike "kuvaa", andika "shati analiweka vizuri, vifungo vya chini vinamchukua dakika ishirini, anakasirika analiacha". Mwombe ruhusa umrekodi video kwa simu, maana ofisini kwa daktari watu hujikaza, wanaonekana wazima kabisa nusu saa ile, afu mkifika nyumbani mambo ni yale yale. Ikiwezekana mtaalamu aje nyumbani, na aje kwenye saa mbaya sio saa nzuri. Na muulize mgonjwa mwenyewe anataka nini kibaki. Kaka yangu tulidhani atasema kutembea, akasema anataka kunyoa ndevu mwenyewe. Basi tukaanza na mashine ya umeme ya kunyolea, wembe tukautoa ndani ya nyumba, ananyoa ameketi viwiko viko juu ya meza. Viwiko juu ya meza, hiyo ikariri, mkono ukipata pa kuegemea unapunguza kuruka, na inafaa kwenye kupiga mswaki, kula na kuandika pia.

Mezani sasa. Kikombe kiwe na mfuniko na mashikio mawili, ujaze nusu tu, na kinywaji kisiwe cha moto wa kuunguza. Sahani iwe na ukingo mrefu wa kusukumia chakula, chini yake weka kitambaa kilicholowa kidogo, haitateleza, huna haja ya kununua mkeka maalum. Kijiko kikiwa chembamba unenepeshe mpini, zungushia sponji au kitambaa ukifunge na plasta. Vijiko vizito watu wanavisifia sana mtandaoni ila jaribu kabla hujalipa, kuna ambao uzito unawatuliza mkono na kuna ambao unawachosha tu, kaka yangu vilimchosha siku ya kwanza. TV zima. Sijui kwa nini hii watu wanaipuuza, kula na kufuata mazungumzo ni kazi mbili kwa wakati mmoja, na ubongo huu umeshindwa kazi mbili, ndo pale anapaliwa. Akae wima, matonge madogo, ameze kwanza ndo aulizwe swali. Akianza kukohoa kila mlo usijifanye daktari, anahitaji mtaalamu wa matamshi na umezaji haraka. Na apewe chakula cha kutosha kweli, hawa watu hukonda, wapo wanaohitaji chakula karibu mara mbili ya mtu wa kawaida, milo midogo mitano au sita inaenda vizuri kuliko mitatu mikubwa.

Viti: tupa vya plastiki vyepesi. Mtu mwenye Huntington haketi polepole, anajiachia, kiti chepesi kinakwenda naye. Tafuta kizito, kipana, chenye mikono, kiegemee ukuta. Kitanda kiwe cha chini chini au godoro liwe sakafuni, kona za meza ya pembeni zifungwe sponji. Mazulia madogo na waya za sakafuni toa leo leo. Bafuni kiti chenye miguu mipana, mkeka wa mpira usioteleza, sabuni ya kubonyeza, na vishikizo vilivyofungwa ukutani kwa skrubu, maana kile chuma cha kutundikia taulo kitang'oka naye, tuliona. Taa ya usiku njia ya chooni. Viatu vya kuchomeka au vya kubandika, suruali ya lastiki, avae ameketi.

Upande wa kichwa ndo mgumu zaidi na watu wengi wanarukia vifaa wanauacha. Mtu anakaa kwenye kochi kutwa, haogi, unamwita mvivu. Huo uvivu una maelezo: gari lina mafuta, staata ndo imekufa. Ukimwambia "nenda kaoge" haendi, ukisimama mbele yake na taulo mkononi ukasema "tuoge, simama", anasimama, na akishaanza anamaliza mwenyewe. Kwa hiyo wewe ndo staata, afu unakaa pembeni. Saa ya kuoga iwe ile ile kila siku, iandikwe ukutani, ratiba ikibadilika mwambie mapema, maana mabadiliko ya ghafla, njaa na kusubirishwa ndo vinawasha hasira kuliko vyote. Usimuulize "unataka kula nini?", hilo swali ni zito, muulize "wali au viazi?". Agizo moja kwa wakati. Afu nyamaza usubiri, hesabu mpaka kumi moyoni kama unaweza, jibu linakuja, linachelewa tu, na ukirudia swali katikati unamrudisha mwanzo.

Jambo lingine, anaweza asione kabisa kwamba mwili wake unacheza. Mimi nilidhani kaka anajifanya, anakataa ukweli, mpaka nikaelezwa kwamba ubongo wenyewe haumletei hizo habari. Ukijua hivo unaacha kubishana. Badala ya "huwezi tena kutumia kisu" unaleta nyama imeshakatwa unampa kazi ya kukoroga. Gari ndo lilitutoa jasho, alikuwa anaapa anaendesha vizuri. Hapo mwachie mtaalamu, tiba kazi wana vipimo vya kuona macho, kasi ya kuamua na kuendesha barabarani, na neno likitoka kwa mtu wa nje linauma lakini halivunji undugu, wewe ndugu ukimnyang'anya funguo utakuwa adui miaka.

Awe na kikadi mfukoni kimeandikwa kwa ufupi kwamba ana ugonjwa wa Huntington, anayumba na kuongea kwa kukokota kwa sababu hiyo, na namba ya kupiga. Kaka alishatolewa dukani kwa kuonekana mlevi saa tatu asubuhi, na mtu huyu pombe hanywi. Tangu awe na kikadi anatoka mwenyewe tena.

Vyote hivi vina muda wake. Kikombe cha mashikio mawili kimetufaa kama mwaka na nusu, sasa tuko kwenye cha mrija. Mrudieni mtaalamu kila baada ya miezi michache, na upesi zaidi akianguka, akipaliwa au nguo zikianza kumpwaya. Ukipiga simu usiseme "hali imezidi", wanasikia hiyo kutwa. Sema "ameanguka mara tatu wiki hii, zote usiku akitoka chooni, mara mbili kwenye mlango ule ule". Sisi tulivyosema hivo aliyekuja alikwenda moja kwa moja mlangoni, akakuta kizingiti kimeinuka kidole kimoja hivi.