Namna ya Kuirudishia Uhai Ardhi ya Kijiji Iliyochakaa

Mwongozo huu unawahusu wanakijiji, viongozi wa vijiji na maofisa ugani wa nyanda kavu za Tanzania, hasa katika mikoa ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Simiyu, ambako ardhi imekaa wazi kwa miaka mingi, mvua zikinyesha maji yanapita juu juu na kuondoka na udongo, na makorongo yanazidi kumeza mashamba kila msimu. Unahusu zaidi yale maeneo ambayo watu wamekwisha kuyakatia tamaa na kuyaita mapori ya mawe. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haijafa. Mizizi ya miti ya zamani ingali hai chini ya udongo, mbegu za nyasi zingalipo, na kinachokosekana ni watu waliokubaliana kuisimamia.

Hayo yamekwisha kuthibitika hapa hapa nchini. Huko Shinyanga misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni katika kampeni za kuangamiza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba, kuni na mifugo mingi kwenye malisho yaliyopungua, mpaka Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na hatua yake ya maana kuliko zote ilikuwa kurudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mradi ulipoanza zilikuwa zimebaki ngitili za hekta 600 hivi zilizoandikwa. Kufikia miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Kondoa ilipita njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka la kilometa za mraba 1,256. Nyasi na miti vilirudi, lakini familia nyingi zilibaki bila maziwa, bila samadi na bila akiba, na ilichukua miaka 10 hivi kabla ya ng'ombe kuruhusiwa kurudi kwa masharti ya kufugwa zizini. Kati ya njia hizo mbili ninapendekeza ile ya Shinyanga bila kusita, kwa sababu ardhi inayolindwa kwa makubaliano hubaki na walinzi hata baada ya mradi kufungwa na magari yake kuondoka.

Anzeni kwa kuikagua ardhi

Baada ya mavuno, kabla hamjagusa jembe wala panga, tengeni siku moja ya kutembea kuanzia juu ya mteremko hadi bondeni. Msafara huo usiwe wa viongozi peke yao. Wawepo wazee wanaokumbuka miti gani ilisimama wapi, wawepo kinamama wanaotafuta kuni, kwa kuwa wao ndio wanaojua msitu umerudi nyuma umbali gani, na wawepo wachungaji, ambao msipowashirikisha siku hiyo mtakutana nao baadaye katika ugomvi.

Angalieni mambo matatu: maji yanaanzia wapi kutiririka, yanapata kasi wapi, na visiki vilivyo hai viko wapi. Mtakuta mara nyingi kwamba korongo kubwa lilianza kama njia ya ng'ombe waendao kunywa maji, iliyokanyagwa mpaka ikazama, kisha mvua ikaifanya mfereji. Mkilijua hilo, kazi ya kwanza yaweza kuwa kuihamisha njia hiyo tu, jambo lisilogharimu fedha yoyote.

Tunzeni visiki kabla ya kufikiria miche

Kampeni nyingi za mazingira huanza na kumalizika kwenye kupanda miche. Sipingi upandaji miti, ila katika maeneo yenye msimu mmoja mfupi wa mvua, mche uliotoka kitaluni hauna mizizi ya kutosha kuvuka kiangazi cha kwanza, na ukinusurika jua haukwepi mbuzi. Kisiki kilichokatwa miaka iliyopita tayari kina mizizi iliyofika kwenye unyevu. Kila mwaka hutoa machipukizi, nayo kila mwaka huliwa, huchomwa au hufyekwa wakati wa kuandaa shamba, na ndiyo maana huonekana kama kichaka kisicho na faida. Njia ya kukitunza, ambayo mkoani Dodoma inajulikana kwa jina la kisiki hai, inafanana na ile iliyoenezwa na Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, katika eneo la Maradi nchini Niger tangu mwaka 1983, ambako miti imerudi mashambani kwenye eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni 5.

Chuchumaa mbele ya kisiki chenyewe. Utaona machipukizi 15 au 20 yamesongamana, mengine membamba, mengine yametambaa chini. Chagua matatu hivi, yasizidi matano, yaliyo manene, yaliyonyooka na yaliyochipuka karibu na ardhi, kwa kuwa yale yanayotokea juu ya kisiki hung'oka kwa upepo yakishakuwa mazito. Mengine yote yakate kwa panga kali, kwa pigo linalotoka chini kwenda juu, ili gamba lisichanike likaacha kidonda kinachoingiza maji na wadudu. Kisha pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyabakiza hadi nusu ya urefu wake, usipite hapo, maana chipukizi lililovuliwa majani mengi mno hudhoofika. Matawi uliyokata yatandaze kuzunguka shina ili yatunze unyevu, au yapeleke nyumbani yakawe kuni. Tayari msitu umeanza kukulipa.

Mwisho, funga kitambaa chenye rangi kwenye chipukizi mojawapo. Kitambaa hicho ni tangazo kwa kila mpita njia, mchungaji na mkulima kwamba mti huu una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Katika shamba la mtama au uwele usiache miti ikasongamana na kuinyima mimea jua, na ukiwa na mgunga wa aina ile inayopukutisha majani wakati wa mvua, upe nafasi ya kwanza, kwa maana hauzuii mwanga wakati mazao yanapouhitaji na majani yake hurutubisha udongo.

Punguzeni kasi ya maji

Miti peke yake haitatosha mahali ambapo maji yamekwisha kuzoea kukimbia. Hapo yanahitajika makingamaji, yaani mitaro na matuta yanayokatiza mteremko, na kosa linaloharibu kazi hiyo ni kuchimba kwa kukisia kwa macho. Kingamaji likiinama upande mmoja hata kidogo, maji hukusanyika huko, hulibomoa na kuanzisha korongo jipya.

Kipimo kinachohitajika mnaweza kukitengeneza wenyewe. Chukueni fito mbili zilizo sawa, kama mita mbili kila moja, zifungeni pamoja kwenye ncha za juu, kisha fungeni ufito mfupi kuziunganisha katikati ili umbo liwe la herufi A. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe, ifike chini ya ule ufito wa kati. Simamisheni kipimo ardhini na mtie alama pale kamba inapokatiza ufito wa kati. Halafu kigeuzeni, mguu wa kulia ukanyage pale pale ulipokuwa wa kushoto na wa kushoto ulipokuwa wa kulia, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo, tembezeni kipimo mguu baada ya mguu mkikatiza mteremko, kila mara kamba ikitulia kwenye alama ya katikati pigeni kigingi, na mstari wa vigingi ndio wa kuchimba.

Shambani, njia ya fanya juu, iliyopata umaarufu Machakos nchini Kenya, inafaa sana: mnachimba mtaro kufuata vigingi na kutupa udongo upande wa juu uwe tuta, kisha mnapanda mabingobingo juu yake ili mizizi ilishike na majani yawe lishe ya mifugo. Kwenye malisho yaliyo wazi na magumu, chimbeni mashimo ya nusu mwezi yenye upana wa hatua nne hivi, tuta likiwa upande wa chini na mdomo ukitazama juu ya mteremko, mkiyapanga kwa kupishana ili maji yanayoponyoka safu ya kwanza yakamatwe na ya pili. Ndani yake mtaona nyasi zikiota kabla ya mahali pengine popote.

Makorongo tibuni kuanzia juu kushuka chini. Jengeni vizuizi vifupi vya mawe au matawi, visizidi urefu wa goti, vichimbiwe ndani ya kingo za pande zote mbili, na katikati viwe chini kidogo kuliko pembeni ili maji yapite hapo bila kuzunguka na kula kingo. Ukuta mmoja mrefu hubomoka. Vingi vifupi hudumu.

Wekeni makubaliano yenye nguvu ya sheria

Hapa ndipo kazi ilipo kubwa, na ndipo miradi mingi hufa. Eneo linalofungwa ni eneo ambalo mtu fulani alikuwa akilitegemea, na ni haki yake kuulizwa ataishije. Mchungaji aonyeshwe malisho mengine na tarehe ambayo ngitili itafunguliwa. Anayechoma mkaa kwa sababu hana shamba la kutosha apewe nafasi ya kufuga nyuki au kuvuna nyasi za kuezekea ndani ya eneo hilo, maana faini peke yake itamsukuma kukata usiku.

Mkishakubaliana, andikeni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji huijadili na kuipitisha, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, kama inavyoelekezwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Msikubali rasimu iliyonakiliwa kutoka kijiji kingine. Itaje mipaka kwa majina ya vilima na mito yenu, adhabu, atakayetunza fedha za faini, na njia ya kukinga moto itakayofyekwa kuzunguka eneo kabla ya kiangazi kukolea. Kwenye vyanzo vya maji mnayo tayari nguvu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwa Wasukuma, kanuni za ngitili zilipata uzito pia katika dagashida, baraza la jadi linaloongozwa na wazee, na vijiji vyenye taasisi kama hiyo visiipuuze.

Wekeni pia daftari. Kwenye ncha ya juu ya kila korongo pigeni kigingi, mpime umbali kutoka kwenye kigingi hadi ukingoni, na mrudie kupima kila mvua zinapokwisha. Pigeni picha ya eneo mkisimama mahali pale pale, mwezi ule ule wa mwaka. Andikeni idadi ya visiki vilivyotunzwa na majina ya walioapa kuvitunza. Taarifa hizo zisomwe katika mkutano mkuu pamoja na mapato na matumizi ya kijiji, na uongozi unapobadilika, daftari likabidhiwe mbele ya mkutano huo huo na kutiwa saini na anayeondoka na anayeingia.