Ukienda Komoro, anza na mataba

Mtu wa Tanga ukivuka kwenda Komoro, usikimbilie chipsi za hotelini. Agiza mataba: kisamvu kilichotwangwa kikaiva taratibu kwenye tui la nazi, kinaliwa na wali, samaki pembeni. Sisi wa huku kisamvu tumekulia, kwa hiyo najua utakihukumu vikali. Onja tui kwanza, ndiko utamu uliko. Asubuhi tafuta mkatra futra, ndugu wa mkate wetu wa ufuta, una tui ndani na ufuta umetapakaa juu. Ule ungali moto, ukipoa unakakamaa. Kambakoche wa mchuzi wa vanila ni fahari yao, maana vanila wanailima wenyewe, ila ulizia bei kabla hajatiwa sufuriani.