Namna ya Kumjibu Anayekuuliza Saa

Mtu akikuuliza saa njiani, kabla hujaitaja jiulize kwanza anaitakia nini. Tuseme simu yako inaonyesha saa nne na dakika kumi na tatu. Kwa jirani anayekwenda sokoni na kikapu chake, "saa nne na robo" ni jibu linalotosha, maana dakika mbili hazimpunguzii wala kumwongezea kitu; lakini kwa abiria anayekimbilia basi la saa nne na robo, jibu hilohilo litamkatisha tamaa bure, kwa kuwa dakika mbili ulizomnyima ndizo ambazo zingemfikisha mlangoni.

Mwaka 2002, Jean-Baptiste Van der Henst, Laure Carles na Dan Sperber walichapisha utafiti kuhusu wapita njia walioulizwa saa. Hata miongoni mwa waliovaa saa za tarakimu, ambao kuisoma dakika kama ilivyo kulikuwa rahisi kuliko kuikadiria, wengi walikadiria. Ila walipoelezwa kwamba muulizaji ana miadi, walizidi kutaja dakika yenyewe kadiri wakati wa miadi ulivyokaribia. Mimi nauona huo kuwa ni uungwana, wala si uzembe.

Ukikadiria, sema "yapata" au "hivi", ili msikilizaji ajue kwamba umekadiria. Usipoijua haja yake, muulize, "Unawahi wapi?", au umtajie dakika kamili.

Katika kuelekeza njia ndiko tunakokosea zaidi. Niliwahi kwenda kumjulia hali mgonjwa katika mtaa nisioufahamu, nikaambiwa, "Ni hapo mbele tu," nikatembea karibu saa nzima na chupa ya uji mkononi, nikafika muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Aliyenielekeza alitaka kunitia moyo, nami nilihitaji kujua kama nipande bodaboda. Kwa hiyo mtajie mgeni muda wa kutembea kwa miguu, kisha alama asizoweza kuzipita bila kuziona: msikiti, daraja, mashine ya kusaga.

Dawa hazikadiriwi kamwe. Ikiwa kidonge humezwa kila baada ya muda wa saa nane, usimwambie mgonjwa "asubuhi, mchana na jioni", wala usiishie kusema "saa nane", asije akangoja alasiri. Mpangie saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, kisha mwombe akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake.