Habari za darasa zimfikie mzazi, hata mwenye kitochi

Nafundisha darasa la pili nje kidogo ya mji wa Korogwe, upande wa mashamba ya mkonge. Wazazi wa darasa langu ni wakata mkonge, mama lishe, waendesha bodaboda, na bibi wengi wanaolea wajukuu. Wote wanataka kujua mtoto anafanya nini shuleni. Ila miaka nenda rudi, ujumbe unaotoka shule kwenda nyumbani ni wa aina mbili tu: mchango au kesi. Elimu bila malipo ilianza 2016, lakini uji na mlinzi bado vinatafutiwa hela kwa wazazi, kwa hiyo mtu akiona jina la mwalimu kwenye simu anashika mfuko kwanza.

Anza hapo: habari za darasa zisichanganywe na hela. Hata kamstari kamoja ka "msisahau uji" pale mwishoni kanaharibu yote yaliyotangulia. Michango ina kikao chake na kamati yake.

Mwone mwalimu mkuu kabla hujaanza, umweleze unachotaka kufanya. Halafu tengeneza orodha ya namba. Zilizopo ofisini mara nyingi ni za aliyekuja kumwandikisha mtoto, na laini yenyewe huenda ilishatupwa zamani. Mimi huwauliza watoto swali moja: "Jioni unakula na nani?" Huyo ndiye wa kumtafuta, awe bibi, shangazi au dada mkubwa. Mbele ya kila jina andika: ana WhatsApp, ana kitochi, hana simu. Kila muhula uipitie upya.

Sasa habari yenyewe. Iwe ndogo, na iwe na swali ambalo mtu wa nyumbani anaweza kumwuliza mtoto. "Wanafunzi wanaendelea vizuri na hesabu" mzazi ataijibu nini zaidi ya "asante mwalimu"? Wiki tuliyofanya duka darasani, kwa maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai, na vifuniko vya soda ndiyo hela, niliandika hivi:

"Leo tumecheza duka. Mpe mwanao mia tano ya kujifanya, anunue kitu cha mia tatu na hamsini. Mwulize chenji ni shilingi ngapi."

Kesho yake watoto walikuja wanabishana nani kaulizwa swali gumu zaidi. Kuna bibi aliyemwambia mjukuu wake mia tano haitoshi kitu siku hizi, akampa elfu kumi ya kujifanya akanunue mahindi na mafuta ya taa, na majirani wakaingia kwenye hesabu.

Ujumbe ule unaenea kwenye SMS moja, yenye herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidisha, unakatwa hela mara mbili. Na usiandike kwa mtindo wa vijana, "xaxa" na "cjui". Bibi atadhani simu imeharibika.

Kwa asiye na simu, tegemeo ni daftari, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ijumaa, kipindi cha kuandika, nawauliza watoto wiki ilikuwaje. Wananyoosha mikono, wanapingana, tunachagua sentensi tatu. Naziandika ubaoni kwa maneno yao wenyewe, wao wananakili kwenye kurasa za nyuma za daftari la Kiswahili. Walimu wenzangu huniuliza muda naupata wapi. Muda gani tena? Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo KKK, na hapo K mbili zimeshapita. Nyumbani mtoto anasoma kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma haaibiki, kwa sababu kusoma ni kazi ya mtoto. Chini yake anaweka sahihi au anachora chochote. Babu mmoja huchora jembe, na darasa zima linalijua jembe lake.

Waangalie wale ambao mkono wao bado mzito. Wape sentensi moja badala ya tatu, lakini wasitoke mikono mitupu.

Grupu la WhatsApp liweke kwenye mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma. Usipofanya hivyo, utakuta matangazo ya mikopo, dua za kusambaza kwa watu kumi, na mabishano ya Simba na Yanga, habari yako imezama huko. Tuma mara moja kwa wiki, baada ya magharibi, watu wakishatoka kazini. Picha moja inatosha, bando ni hela. Sauti fupi ya nusu dakika inafaa kuliko maandishi marefu, maana mama lishe anaisikiliza huku anasonga ugali. Salimia kwanza. Kama wengi wamekuzidi umri, "shikamooni wazazi wangu" inafungua masikio kuliko "ndugu wazazi, mnataarifiwa".

Kuhusu picha nina msimamo mkali kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, kwa hiyo omba ruhusa ya maandishi kwenye kikao cha kwanza cha mwaka. Hata nikiwa nayo, napiga mikono na kazi: vidole vinapanga vifuniko, daftari limefunguliwa. Sare iliyochanika na miguu isiyo na viatu haina sababu ya kuzunguka kwenye simu za watu. Alama za mtihani na nani kawa wa ngapi hazipiti humo kabisa.

Ukuta wa nje wa darasa nao unafaa. Gundisha kadibodi chini ya dirisha, bandika kazi za watoto kwa zamu, na wa mwisho darasani naye afikiwe.

Utoro, kupigana, mtoto kusinzia kila asubuhi: hayo piga simu. Mwite kwa jina la mwanawe, Mama Fulani au Baba Fulani, anza na jambo moja ambalo mtoto kalifanya vizuri, ndipo useme lililokupigisha simu. Jambo likiwa zito, nenda nyumbani kwao mkaongee mmekaa.

Wazazi wakianza kujibu, majibu yao yaingie darasani. Baba mmoja wa bodaboda aliandika chini ya sentensi za mwanawe jinsi anavyopiga hesabu ya chenji abiria akitoa noti ya elfu kumi. Niliisoma Jumatatu mbele ya darasa. Watoto wakadai duka letu liongezewe kijiwe cha bodaboda, na nauli wakapanga wao.